UZI: Makwotabeki makinda wa NFL, wanavyochaguliwa, wanavyopikwa na wanavyoharibiwa na timu zao

#1 · Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Aprili, wadau wachache wa futiboli ya Marekani tuliomo humu tunakesha kuangalia drafti ya NFL, yaani siku ambazo timu za ligi kuu ya mchezo huo zinachagua wachezaji wapya, maana kwa saa zetu raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Na kila mwaka ikifika Novemba swali ni lile lile: huyu kijana aliyechaguliwa kwa mbwembwe zote zile, mbona anaonekana galasa?

Naweka msimamo wangu mapema ili atakayepinga ajue nimesimama wapi. Kwotabeki kinda akifeli, mara nyingi aliyefeli kabla yake ni aliyemchagua. Mashabiki tunamhukumu kijana wa miaka 22 kwa makosa ya mmiliki, meneja mkuu na kocha ambao wana umri wa baba zake. Nitatoa mifano yenye majina na miaka, mnikosoe.

Kwa wageni, kwa kifupi. Kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi: anapokea mpira, anaamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao. Timu ziko 32, drafti ina raundi saba, na iliyoburuza mkia msimu uliopita ndiyo inayochagua kwanza. Mchezaji haingii mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, ndiyo maana karibu wote wanatoka vyuo vikuu. Kijana hachagui timu, timu ndiyo inayomchagua yeye. Sasa hebu uone mtego ulipo. Kipaji kikubwa kuliko vyote kinapelekwa kwenye nyumba mbovu kuliko zote: ukuta wa mbele, yaani walinzi watano wanaomkinga kwotabeki, unavuja, kocha amekalia kuti kavu, mashabiki wamekwisha kata tamaa.

Mtego wa pili ni pesa. Mwaka 2010 St. Louis Rams walimchagua Sam Bradford wa kwanza, wakampa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo za uhakika, kabla hajarusha pasi hata moja ya ligi. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana viwango vipya vya makinda, na Cam Newton, aliyechaguliwa wa kwanza na Carolina 2011, akasaini miaka minne kwa milioni 22. Kuanzia hapo kwotabeki kinda akawa bidhaa rahisi kuliko zote sokoni. Ukimpata anayeweza kazi, una miaka minne au mitano ya kutumia pesa iliyobaki kusajili watu wengine. Seattle walibeba Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2014, wakaifunga Denver 43 kwa 8, na kwotabeki wao Russell Wilson, chaguo la 75 mwaka 2012, alikuwa analipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka.

Kila mmiliki aliiona hesabu hiyo, na haraka ikaanzia hapo. Mkataba wa kinda wa raundi ya kwanza unaipa timu haki ya kuongeza mwaka wa tano, lakini uamuzi unatakiwa baada ya msimu wa tatu. Kwa hiyo ukimweka benchi mwaka mzima, unabaki na miaka miwili tu ya kumjua. Kocha naye anajua akipoteza mechi nyingi hatakuwepo kuyaona matunda. Kijana anaingizwa uwanjani kwa sababu saa ya mkataba inakimbia, awe yuko tayari au hayuko.

Nitaendelea chini, kuna mengi. Karibuni.

#2 · Mdau, Mwanza

Mkuu nimekusoma. Mimi ni mgeni kabisa kwenye mchezo huu. Nimewahi kuona wanawapima vijana mpaka kiganja cha mkono. Kwa vipimo vyote vile, wanakosea vipi tena?

#3 · Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na jibu lake ndilo kiini cha uzi huu.

Vipimo hivyo hufanyika Indianapolis kila mwaka kati ya Februari na Machi. Wanapima urefu, uzito, kiganja, mbio za yadi 40, miruko. Joe Burrow alikutwa na kiganja cha inchi tisa mwaka 2020, maneno yakawa mengi, Cincinnati wakamchukua wa kwanza hivyo hivyo, na baada ya misimu miwili alikuwa amewafikisha Super Bowl. Kuna mahojiano ya chini ya dakika 20 ambapo kocha anampa kijana ubao na kalamu, anamwambia achore shambulizi alilolipenda chuoni na aeleze kila mtu alitakiwa afanye nini. Kwangu hicho ndicho kipimo chenye maana kuliko vyote pale, na ndicho kinachopewa muda mfupi.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo, shambulizi moja tu. Timu ina sekunde 40 kutoka mchezo uliopita kuisha mpaka mpira uanzishwe tena. Tangu 1994 kocha anaruhusiwa kuzungumza na kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya kofia, lakini saa ikibakiza sekunde 15 redio inazimwa. Kocha anamtajia mpango wenye maneno kumi au zaidi: wachezaji wajipange vipi, nani asogee kabla ya mpira kuanza, ukuta uzuie upande gani, nani akimbilie wapi. Kijana anayarudia yote kwa wenzake kumi bila kukosea hata neno moja. Wanajipanga. Redio imezimwa, yuko peke yake. Anatazama mabeki wa mwisho wa wapinzani, wamesimama wawili nyuma kabisa au mmoja? Anamtafuta kiungo wa katikati wa ulinzi na kumtaja kwa kidole ili ukuta wake ujue kuhesabu kuanzia wapi. Wapinzani wanajifanya wanakuja watano, kumbe watatu wanarudi nyuma. Mpira unaanza, ana kama sekunde mbili na nusu, na ndani ya muda huo anatakiwa amwangalie mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku miguu yake ikienda sawa na macho yake. Akichelewa nusu sekunde analala chali.

Chuoni wengi wao hawajawahi kufanya hivyo. Timu nyingi za vyuo hazikusanyiki kabla ya shambulizi. Wote wanageukia pembeni, wanasoma ishara za mikono au mabango yenye picha, na kocha ndiye anayewabadilishia mpango baada ya kuona wapinzani walivyojipanga. Unamkuta kijana amerusha tachidauni (pasi zinazoishia kwenye eneo la kufungia) mia moja na hajawahi kuutamka mpango mzima kwa mdomo wake. Kiganja hakikwambii kama ataweza hilo. Anafundishwa, na kufundishwa kunataka muda na mwalimu yule yule.

Na muda wenyewe umepungua. Makubaliano ya 2011 yalipunguza mazoezi ili kulinda miili ya wachezaji, jambo ambalo naliunga mkono kabisa, lakini ndani ya msimu mzima sasa ni mazoezi 14 tu ya kuvaa vifaa kamili. Karibu mipira yote ya mazoezi anapewa kwotabeki wa kikosi cha kwanza. Wa akiba anaigiza mashambulizi ya timu watakayokutana nayo Jumapili, anasoma mipango ya watu wengine kwenye kadi. Kwa hiyo ukisikia kinda "anajifunza benchi", uliza anajifunza kwa mipira mingapi kwa wiki.

#4 · Mdau, Nairobi

Ndugu, hapo umenena vizuri lakini kuna mahali sikubaliani nawe. Unataka kila kinda asubiri. C.J. Stroud hakusubiri hata siku moja. Mwaka 2023 alianza mechi ya kwanza kabisa ya Houston, akamaliza na yadi 4,108, tachidauni 23 na pasi tano tu zilizonaswa na wapinzani. Akawafikisha mtoano na wakaifunga Cleveland 45 kwa 14. Sasa Bryce Young aliyechaguliwa mbele yake mwaka huo huo naye alianza mechi ya kwanza, Carolina wakamaliza na ushindi wa mechi mbili na vipigo 15. Kama timu ndiyo kila kitu, Houston nao walikuwa timu mbovu mwaka wa nyuma. Wengine wanaweza kazi, wengine hawawezi, ni hivyo tu.

Kando kidogo: sisi huku tulianza kuufuatilia mchezo huu sana Daniel Adongo alipotoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts 2013, Mkenya wa kwanza kucheza ligi hiyo. Kwa hiyo usituone wageni.

#5 · Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi karibu sana, na Adongo ni heshima yetu sote.

Sijasema kila kinda asubiri. Kusubiri peke yake si dawa. Trey Lance alisubiri: San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, na la raundi ya tatu juu yake, ili wapande kumchukua wa tatu mwaka 2021. Kijana alikuwa ameanza mechi 17 tu chuoni, na mwaka wa korona alicheza moja. Wakamweka nyuma ya Jimmy Garoppolo. Mwaka wa pili wakampa timu, akavunjika kifundo cha mguu mechi ya pili. Agosti 2023 wakamuuza Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Alianza mechi nne tu kwa timu iliyomlipia bei ile. Kijana aliyehitaji mipira kuliko mtu yeyote ndiye alipata michache kuliko wote.

Sasa twende kwa Young na Stroud, maana ni mfano wako lakini mimi nausoma kinyume.

Ili wapande kutoka nafasi ya tisa hadi ya kwanza, Carolina waliipa Chicago chaguo hilo la tisa, la raundi ya pili mwaka huo, la raundi ya kwanza 2024, la raundi ya pili 2025, na juu yake wakamtoa DJ Moore. Moore ndiye alikuwa mpokeaji wao bora. Miezi michache nyuma walikuwa wamemuuza Christian McCaffrey, mkimbiaji wao bora. Kwa maneno mengine walimnunua mtu wa kurusha mpira kwa kumuuza mtu wa kuudaka. Kisha kocha mkuu Frank Reich akaanza kwa kupanga mashambulizi mwenyewe, katikati ya msimu akamwachia Thomas Brown, baada ya wiki chache akayachukua tena, na baada ya mechi 11 akatimuliwa. Kijana ana sentimita 178 na aliangushwa mara 62 kabla hajaurusha mpira msimu ule. Na kwa kuwa walimaliza wa mwisho, lile chaguo la 2024 walilolitoa likawa la kwanza kabisa. Chicago wakamchukua Caleb Williams nalo.

Houston ni kweli walikuwa wabovu 2022. Lakini walimleta DeMeco Ryans awe kocha mkuu kwa mkataba mrefu, akaja na Bobby Slowik wa kupanga mashambulizi kutoka San Francisco walikokuwa pamoja, na sauti iliyoingia kwenye kofia ya Stroud ilikuwa moja kuanzia Septemba hadi Januari. Na tazama mwaka wa pili: ukuta ule ule ulipolegea 2024 Stroud aliangushwa mara 52, pasi 12 zikanaswa, Slowik akafukuzwa. Mkono wa Stroud haukubadilika kati ya Januari na Septemba. Mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Young mwenyewe aliwekwa benchi baada ya mechi mbili tu za 2024. Akarudi kwa sababu Andy Dalton, aliyechukua nafasi yake, alipata ajali ya gari akaumia kidole gumba. Aliporudi, chini ya kocha mpya Dave Canales, alionekana mtu mwingine, akafunga msimu kwa kuifunga Atlanta 44 kwa 38 muda wa nyongeza. Kama isingekuwa ajali ile, leo angekuwa kwenye orodha ya magalasa na sote tungekubali.

#6 · Mdau, Minneapolis

Asalaam wakuu. Naandika kutoka huku huku, na mfano ninao mlangoni kwangu: Sam Darnold.

New York Jets walimchagua wa tatu 2018. Oktoba 2019, usiku wa Jumatatu dhidi ya Patriots, kinasa sauti kilimnasa akiwa benchi akisema anaona mizimu. Walifungwa 33 kwa 0. Marekani nzima ilimcheka kijana yule, na hakuna aliyeuliza kwa nini ukuta wake unapitika vile. Wakamuuza Carolina 2021, nako hakukuwa na la maana. Mwaka 2023 akaenda San Francisco kuwa wa akiba chini ya kocha Kyle Shanahan, mwaka mzima anasoma tu. 2024 akaja hapa Vikings, tulimtegemea ashikilie nafasi mpaka kinda wetu J.J. McCarthy awe tayari. McCarthy akaumia goti kabla ya msimu kuanza. Darnold akatupa ushindi wa mechi 14. Uwanjani watu walikuwa wanaliita jina lake. Kisha timu ikamwacha aondoke, akaenda Seattle, na Februari 2026 akabeba Super Bowl.

Mtu yule yule aliyeona mizimu. Miaka mitano hakuna aliyemfundisha, alipofundishwa mmeona.

#7 · Mleta uzi

Mkuu wa Minneapolis, umenifungulia njia, maana kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye jambo hili kinafanana na hicho. Vumilieni, hapa nitakuwa mrefu.

Mwaka 2005 San Francisco walikuwa na chaguo la kwanza. Mezani kulikuwa na majina mawili: Alex Smith wa chuo cha Utah, na Aaron Rodgers aliyekulia huko huko kaskazini mwa California na kusoma Berkeley, ng'ambo tu ya ghuba. Wakamchukua Smith. Rodgers akakaa kwenye chumba cha kusubiri pale New York, kamera zikimmulika usoni, timu moja baada ya nyingine zikimruka, mpaka Green Bay walipomchukua wa 24.

Green Bay walikuwa tayari na kwotabeki wao, Brett Favre. Rodgers alisugua benchi miaka mitatu. Mwaka 2006 alikuja kocha mkuu mpya, Mike McCarthy, ambaye kila msimu ukiisha alikuwa anawakusanya makwotabeki kwa wiki kadhaa darasani na uwanjani, miguu na macho kwanza, mkono baadaye. Rodgers alikuwa ametoka chuoni akiushika mpira juu karibu na sikio kama alivyofundishwa, wakamshusha mikono. Alipoanza rasmi 2008 alikuwa amejengwa upya. Februari 2011 akaifunga Pittsburgh kwenye Super Bowl.

Smith yeye aliingizwa mwaka ule ule wa kwanza. Tachidauni moja, pasi 11 zilizonaswa. Na mratibu wake wa mashambulizi mwaka 2005 alikuwa nani? Mike McCarthy huyo huyo! Akaondoka baada ya msimu mmoja kwenda Green Bay. Akaja Norv Turner 2006, naye akaondoka. Akaja Jim Hostler 2007. Akaja Mike Martz 2008. Miaka minne, waratibu wanne, lugha nne tofauti za kuita mashambulizi. Anachokiita mmoja kwa namba mwingine anakiita kwa neno. Kijana anaamka kila masika anaanza alifu kwa kijiti, na bega nalo likaumia. Mashabiki walimzomea nyumbani kwake. Nakumbuka maoni ya watu wakati ule, Smith lilikuwa jina la kutolea mfano wa pesa iliyotupwa.

Mwaka 2011 alikuja Jim Harbaugh, aliyewahi kuwa kwotabeki wa ligi hiyo. Timu ikashinda mechi 13 kati ya 16, ikafika mechi moja kabla ya Super Bowl. Smith yule yule.

Baadaye akaenda Kansas City kwa Andy Reid. Na 2017 Kansas City walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10, wakaipa Buffalo chaguo la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata na la raundi ya tatu, wakamchukua Patrick Mahomes. Smith alijua kabisa huyu kaletwa kuchukua kazi yake. Angeweza kumnunia. Badala yake alimwacha akae naye wiki nzima: saa ngapi unaingia kutazama video, unaandika nini Jumatatu, unaanza kusoma ulinzi wa dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira) siku gani. Mahomes mwenyewe amelisema hili hadharani mara nyingi na kumshukuru. Akacheza mechi moja tu mwaka ule, ya mwisho kule Denver. Mwaka uliofuata, tachidauni 50, yadi zaidi ya 5,000, mchezaji bora wa ligi.

Watu wanasema Reid alimficha Mahomes mwaka mmoja na siri ni hiyo. Mimi nasema kilichofanya kazi ni timu iliyokuwa inashinda tayari, kocha ambaye hakuwa na hofu ya kufukuzwa, na mbele yake mtu ambaye alikuwa ameumizwa na kila kosa ambalo timu inaweza kumfanyia kinda, na akaamua lisimpate mwingine.

#8 · Mdau, Dar

Mleta uzi umeandika vizuri, ila Tom Brady unamweka wapi? Chaguo la 199, raundi ya sita, mwaka 2000. Makwotabeki sita walichaguliwa mbele yake. Na Brock Purdy je? Chaguo la 262, mtu wa mwisho kabisa drafti ya 2022. Hawa hakuna aliyewatengenezea mazingira. Mwenye nacho anacho.

#9 · Mleta uzi

Mkuu, Brady mwaka wake wa kwanza alikuwa kwotabeki wa nne New England. Timu nyingi hazibaki na wanne, wao walimbakisha ili wasimpoteze. Kwotabeki wa kwanza Drew Bledsoe alipogongwa Septemba 2001 kijana alikuwa na mwaka mzima wa kuusoma mpango ule ule, kwa mratibu yule yule, Charlie Weis. Hayo ndiyo mazingira ninayoyasema. Purdy naye aliingia kwenye timu yenye McCaffrey, Deebo Samuel, George Kittle na Trent Williams ukutani. Siwaondolei sifa yao hata chembe, kazi wameifanya wenyewe. Lakini chukua Purdy wa 2022 umpeleke Houston ya 2002 uone. Texans ndiyo kwanza wameanzishwa, wakamchagua David Carr wa kwanza, aliangushwa mara 76 msimu mmoja. Rekodi hiyo bado ipo. Carr hakuwahi kupona, na sijui ni nani angepona.

Kinyume chake ni Peyton Manning. Pasi 28 zilizonaswa mwaka 1998, rekodi ya makinda mpaka leo, ushindi wa mechi tatu. Lakini ukuta wa Indianapolis uliruhusu aangushwe mara 22 tu, na mratibu wake Tom Moore alikaa naye zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa pili walishinda 13. Ryan Leaf aliyechaguliwa nyuma yake alikuwa na matatizo yake mwenyewe, hilo silifichi. Yapo magalasa ya kweli.

#10 · Mdau, Toronto

Kaka, naomba niongeze jambo ambalo uzi umelipita. Kwa miaka mingi swali halikuwa kinda anapikwaje, lilikuwa kama anaruhusiwa kuwa kwotabeki. Warren Moon alitoka chuo cha Washington akiwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, 1978 hakuna timu iliyomchagua, maana walitaka abadili nafasi, mtu mweusi asiwe kwotabeki. Akaja huku Kanada, Edmonton, akabeba Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano mfululizo. Ndipo NFL wakamkumbuka 1984. Leo yumo kwenye jumba la magwiji. Na 2018 bado kulikuwa na waliomwambia Lamar Jackson awe mpokeaji.

#11 · Mleta uzi

Dada, asante sana kwa hili, na lina uzito wake. Moon alipoteza miaka sita ya ligi hiyo bila kosa lolote.

Na Lamar ananipa hoja nyingine. Alichaguliwa wa 32, wa mwisho raundi ya kwanza. Baltimore hawakumlazimisha acheze kama Joe Flacco, kwotabeki waliyekuwa naye. Walimpandisha Greg Roman awe mratibu, wakabadilisha shambulizi zima likafuata miguu yake, mwaka 2019 akakimbia yadi 1,206, akarusha tachidauni 36, timu ikashinda mechi 14, na kura za mchezaji bora alizichukua zote. Jayden Daniels 2024 ni hivyo hivyo: Washington walimletea mratibu Kliff Kingsbury, mashambulizi ya haraka yanayofanana na aliyoyazoea chuoni, timu iliyokuwa imeshinda mechi nne ikashinda 12. Timu nyingi zinachagua kijana kwa sababu ya anachokiweza kisha zinaanza kumfundisha kutokukifanya.

Josh Allen ndiye wa kinyume kidogo, maana yeye alibadilika kweli. Kutoka Wyoming, mwaka 2018 asilimia 52.8 ya pasi zake zilifika. Buffalo walikaa na mratibu Brian Daboll yule yule, 2020 wakamletea mpokeaji Stefon Diggs, asilimia ikawa 69.2. Miaka mitatu. Arizona walimchagua Josh Rosen wa kumi drafti hiyo hiyo, wakamuuza baada ya mwaka mmoja.

#12 · Mdau, Mwanza

Nimejifunza mengi leo wakuu. Swali la mwisho kwa mleta uzi: huyo Caleb Williams waliyempata Chicago kwa mzigo wa Carolina, ameishia wapi?

#13 · Mleta uzi

Mkuu, 2024 walimfanyia yote tuliyoyasema humu. Aliangushwa mara 68. Mratibu Shane Waldron akafukuzwa Novemba, kocha mkuu Matt Eberflus akafukuzwa mwezi huo huo, na aliyeshika usukani ni Thomas Brown, yule yule aliyeachiwa na kunyang'anywa mashambulizi ya Carolina mwaka wa nyuma. Mechi tano walishinda, 12 wakapoteza, na watu wakaanza kuandika kwamba walipaswa kumchukua Daniels.

Kisha wakafanya kazi. Januari 2025 wakamleta Ben Johnson, mtu wa mashambulizi kutoka Detroit, akawa kocha mkuu na anayapanga mwenyewe, kwa hiyo hakuna timu itakayomchukua mratibu na kumwacha kijana aanze upya. Machi, kabla hata ya drafti, wakavunja na kujenga upya katikati yote ya ukuta: Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Rams, Drew Dalman kutoka Atlanta. Drafti ilipofika hawakugusa kwotabeki wala kulalamika, raundi ya kwanza wakamchukua Colston Loveland wa kupokea pasi za katikati. Msimu huo walitwaa ubingwa wa kundi lao.

Mwaka huu mkiangalia drafti, jina la kwotabeki likitajwa, tafuteni kwanza majina ya walinzi watano watakaosimama mbele yake na mkataba wa kocha wake unaisha lini. Leteni hapa tuyajadili.